Mgonjwa wa Kitanda cha Sita Alisema Ana Njaa

Nyie mnaoanza kazi wodini sasa hivi, na nyie mlioko chuoni mnaokariri sehemu za kongosho usiku kucha, nimeombwa niwaandikie maneno ya kuwatia moyo. Sina. Nimefanya unesi zaidi ya miaka thelathini, mingi yake hapa Bariadi, na mtu ninayemkumbuka kuliko wote ni yule niliyemnyima uji. Nitawaeleza habari zake, na njiani nitachomeka mambo ya kazi yanayoweza kuwafaa. Mkitaka kutiwa moyo watafuteni wastaafu wenye furaha. Wapo, wanafuga kuku.

Majina nimeyabadilisha, na langu pia. Niiteni Nesi Mbuke.

Kwanza kongosho lenyewe. Limejificha nyuma ya tumbo la chakula, na kwa kuwa halionekani watu wanalisahau, hata sisi wa kazi. Mgonjwa anakuja ameshika chembe ya moyo, anatapika, anakwambia maumivu yamepenya hadi mgongoni. Mpaka afike kwako ameshatibiwa malaria, ameshatibiwa taifodi, na mwenye duka la dawa ameshamuuzia vidonge vya vidonda vya tumbo. Mimi mwenyewe nimewapa wagonjwa wa namna hiyo dawa ya vidonda vya tumbo nikawarudisha nyumbani, wakaniaga vizuri tu. Wengine hawakurudi, na sijui kama walipona au vipi. Mtayazoea hayo ya kutojua, ila hayaishi kuuma.

Aliyenifungua macho ni Tabibu Luhende, mzee mwembamba aliyekuwa akivaa koti la suti hata jua la saa nane. Yeye hakuwa anaandika kipimo chochote kabla hajamtazama mgonjwa amekaaje.

"Mbuke," aliniambia, "mwenye malaria analala. Mwenye kidole tumbo anakunja mguu. Mwenye kongosho hata umbembeleze halali chali. Anakaa ameinamia mbele, amekumbatia mto kama mtu anayelinda mali."

Nendeni mkaangalie, mtaona ni kweli. Kisha muulizeni habari za pombe, na msiulize kama polisi. Ukimuuliza mtu wa huku "Unakunywa?" atakuambia hapana, hata kama gongo inanuka hadi kwenye faili. Muulize, "Mara ya mwisho mlikaa na wenzako lini?" Atakueleza mpaka jina la mwenye nyumba. Na kama hanywi, msimwite mwongo. Mawe ya mfuko wa nyongo nayo yanaziba njia na kuwasha moto uleule, ndiyo maana lazima apigwe ultrasaundi.

Tabibu Luhende alikuwa na maelezo yake kuhusu ugonjwa huu, na niliyapenda sana. Alisema kongosho ni mpishi. Anakaa nyuma jikoni, anatengeneza maji makali ya kuyeyusha chakula. Siku akichanganyikiwa yale maji yanamwagika humo humo ndani, mpishi anajipika mwenyewe. "Sasa mpishi ameungua mikono," alisema, "wewe utampelekea sufuria? Mwache apumzike." Kwa hiyo mgonjwa wa kongosho hakula wala hakunywa. Tulimtia mpira wa puani tukavuta kilichomo tumboni, tukamtundikia dripu, tukasubiri siku nne, siku saba, mpaka maumivu yaishe kabisa na vipimo vishuke. Vitabu tulivyosomea vilisema hivyo. Maelezo yalikuwa matamu mno, na mimi niliwafundisha wanafunzi wangu kwa maneno yaleyale, na wao wakacheka nilipofika kwenye mpishi.

Nilipaswa kushtuka mapema, maana niliwahi kuonyeshwa. Tulimlaza Mzee Salumu, mwenye duka la vitenge mjini, mcheshi asiyeshindwa neno hata akiwa na mpira puani. Yeye alikuwa na mawe ya nyongo. Nilipomwambia ni marufuku kula alinitazama kwa huruma.

"Nesi, mimi kufunga nimezoea tangu mdogo. Lakini saumu yako hii mbona haina magharibi?"

Siku ya nne alikuwa anatembea na kuwatania wagonjwa wengine. Daktari akasema mnaona faida ya kulipumzisha kongosho. Siku anaruhusiwa nilitandua kitanda chake, nikakuta chini yake chupa ya chai, ndani imebaki uji mzito wa mchele. Mkewe alikuwa anamnywesha tangu siku ya pili. Nilimgombeza yule mama mbele ya wodi nzima, akaomba radhi, mzee akawa anacheka kwenye kanga. Haikunijia hata kidogo kwamba uji ungeweza kuwa umemsaidia. Niliona ana bahati, amevunja sheria akapona.

Na jambo lingine nisilisahau: tulimruhusu Mzee Salumu bila mpango wowote wa kuutoa ule mfuko wa nyongo. Hazikupita wiki nyingi akarudi na maumivu yaleyale, ndipo akapelekwa Mwanza akafanyiwa upasuaji. Mgonjwa wa mawe msimwache aende nyumbani na mawe yake na pole mkononi. Kama ugonjwa ulikuwa mwepesi, mfuko utolewe kabla hajaruhusiwa, na kama kwenu hamuwezi, mwandikieni rufaa wakati bado mko naye.

Sasa Sayi.

Sayi alikuwa mkulima wa pamba kutoka kijiji cha mbele ya Dutwa, umri wa miaka thelathini na kitu, mtu mrefu ambaye miguu yake ilitokeza nje ya kitanda namba sita. Aliletwa na mama yake baada ya kunywa gongo kwenye sherehe ya jirani. Mama huyo tulimwita Mama Masanja, kwa jina la mwanawe mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa safarini, mji wa Mkula, kwenye biashara ya ng'ombe. Sayi alikaa vilevile alivyosema Tabibu Luhende, amekumbatia mto. Maabara siku hiyo walikuwa na kitendanishi, ile dawa ya kupimia damu, jambo la kushukuru, na kipimo cha kongosho kikatoka juu sana.

Tukaanza. Dripu tulimwaga kwa fujo, maana siku hizo tuliamini maji mengi ndiyo dawa. Nyie msimwage. Maji ni lazima, na mapema, lakini muyapime: tazameni mkojo, hesabuni mapigo, sikilizeni pumzi, kisha mwamue chupa inayofuata. Nimeona mtu akizama mapafu kitandani kwa sababu ya bidii yetu. Antibayotiki tulimchoma pia, ingawa hakuwa na maambukizi, kwa kuwa mkono ulishazoea. Dawa ya maumivu tulimpa kwa uchoyo. Tulifundishwa kwamba mofini inabana mlango wa nyongo, basi tukangoja pethidini, na pethidini ikawa haipo, na mtu analia. Hofu hiyo nayo imeshatupwa siku hizi. Mpeni mtu nafuu, jamani.

Juu ya kitanda chake nilining'iniza kipande cha boksi la dripu nilichoandika kwa kalamu nyekundu: ASILE, ASINYWE.

Mama Masanja alikuja kila asubuhi na uji wa mtama kwenye kindoo cha plastiki, amekifunga kwa kitambaa. Kila asubuhi nilimrudisha mlangoni. Siku ya pili aliniuliza, "Atakula lini?" Nikamjibu, mpaka daktari aseme. "Daktari atasema lini?" Nikamwambia, "Mama, nina wagonjwa ishirini na nane." Hakuuliza tena.

Siku ya tatu maumivu ya Sayi yalikuwa yamepungua. Alikuwa amelala ubavu, hatapiki, na tumbo lilikuwa linanguruma. Aliniita nilipokuwa nabadilisha dripu.

"Nesi, nina njaa."

"Njaa haijaua mtu wodini kwangu," nikamwambia, nikaendelea na kitanda namba saba.

Wanangu, leo mgonjwa wa kongosho akikuambia ana njaa, amekuletea habari njema kuliko kipimo chochote. Hajatapika, tumbo linafanya kazi, anataka chakula: mpe. Anza na uji kidogo, au wali laini, usiwe na mafuta, utazame kama anavumilia, uongeze. Usingoje maumivu yaishe yote. Usingoje kipimo kishuke. Na kama hawezi kula kwa mdomo, apitishiwe chakula kwa mpira, kwa sababu utumbo ukikaa mtupu unadhoofika na wadudu wanapata njia ya kupenya. Chakula ni sehemu ya matibabu. Mimi nimelijua hilo nikiwa nakaribia kustaafu.

Lakini kuna jambo nililijua siku ileile, na hapo ndipo sina pa kujificha. Mimi ni Msukuma, nimelelewa kwenye boma la ng'ombe. Nyumbani kwetu mgonjwa halazimishwi dawa kama anavyolazimishwa chakula. Mtu amezimia, bado shangazi amekaa pembeni na bakuli anambembeleza. Babu yangu alipokuwa anakufa, nilijua kwamba anakufa kwa sababu niliona bakuli halipelekwi tena. Wazee walisema mwacheni, msimsumbue, na siku ya pili yake wanaume wakaenda kuonyeshana mahali pa kuchimba. Hata mtoto alielewa. Nami nilipovaa sare nikayaacha hayo nyumbani, nikaandika ASILE juu ya kitanda cha mtoto wa mtu na sikumweleza mama yake chochote. Hata ile hadithi ya mpishi, niliyowachekesha nayo wanafunzi miaka yote, sikumpa. Ingechukua dakika mbili kwa Kisukuma.

Siku ya nne, saa ya kuona wagonjwa, nilikuwa kwenye meza ya manesi najaza faili. Nilipoinuka kitanda namba sita kilikuwa kitupu, dripu inachuruzika sakafuni. Jirani yake wa kitanda cha tano akanieleza.

"Mama yake amesema nyie mmeshamwacha. Amesema kama ni kufa njaa, heri akajaribiwe kwingine."

Walimpakia kwenye pikipiki, katikati ya dereva na kijana wa jirani, wakampeleka kwa mganga. Huko alichanjwa chale tumboni na akapewa dawa ya kutapisha, akatapika kutwa nzima, bila maji ya dripu, bila kitu. Alirudishwa siku ya sita. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao, ubavu umegeuka rangi ya zambarau, mkojo haupo. Tulimpa maji, tukamwekea oksijeni, daktari akaandika rufaa, lakini gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mjamzito Mwanza. Kufikia adhuhuri Sayi alikuwa amekufa.

Masanja alikuwa amefika asubuhi hiyo kutoka Mkula. Alikuwa amesimama na mama yake barazani nilipotoka kuwapa taarifa. Nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimechoka. Nilimtazama yule mama nikasema kwa Kisukuma, ili asikose hata neno moja:

"Mmemuua wenyewe. Mngemwacha hapa angepona."

Kisukuma nilikuwa nacho cha kutosha siku hiyo. Masanja alimgeukia mama yake, akamtazama muda mrefu, kisha akaenda kutafuta gari la kubebea maiti. Yule mama hakulia mbele yangu.

Ikapita miaka. Tabibu Luhende alikuwa ameshafariki. Nikaitwa kwenye semina ya mafunzo kazini, ukumbini, soda moja na chapati mbili kwa kila mtu. Daktari kijana, mwenye umri wa kitinda mimba wangu, akafika kwenye kongosho akasema, "Na tafadhali, tusiwafungie wagonjwa hawa chakula." Nikanyoosha mkono.

"Tangu lini, daktari?"

"Imejulikana muda mrefu sasa, nesi," akajibu kwa adabu. "Ni kwamba huku inachelewa kufika."

Nikamuuliza muda mrefu ni miaka mingapi. Akanitajia, nikahesabu, nikaona kwamba Sayi alipokuwa ananiambia ana njaa, kuna watu mahali fulani duniani walishajua kwamba alipaswa kupewa uji. Nilitoka nje, nikakaa nyuma ya ukumbi karibu na matenki ya maji, nikalia mpaka mhudumu akaja kuniuliza kama presha imepanda. Nikamwambia ndiyo.

Nilipostaafu nilipanda basi hadi Dutwa, nikachukua pikipiki hadi kwa Mama Masanja. Nilimkuta anapeta mtama nje ya kijumba kidogo pembeni ya boma, mbali na nyumba kubwa ya Masanja. Nywele zilikuwa nyeupe zote.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu, kwa kumwita mama.

"Mwadila. Wewe ni yule nesi."

Alinipa kigoda na maji ya kunywa. Nilimweleza yote, taratibu, kwa lugha yetu: kwamba tulikuwa tunafuata mafundisho ya zamani, kwamba mafundisho yamebadilika, kwamba kumnyima chakula lilikuwa kosa, na kwamba maneno niliyosema barazani hayakuwa haki. Aliendelea kupeta mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo siku ile aliposema ana njaa, ningempa?"

"Ungempa, mayu. Kidogo kidogo."

"Na angepona?"

"Sijui. Wengi wa namna yake wanapona."

Aliweka ungo chini. Hapo ndipo alipolia. Niliwahi kufikiri kwamba ukweli utampunguzia mzigo. Nilimwongezea. Mpaka siku hiyo alikuwa na kosa la kumtoa mwanawe hospitali, na sasa amejua pia kwamba kile kindoo alichorudi nacho kila asubuhi kilikuwa na kitu ambacho Sayi alikihitaji.

Nikamwambia nitakwenda kwa Masanja sasa hivi, nimweleze kwamba kosa ni letu. Majirani walikuwa wamenidokeza kwamba tangu mazishi Masanja haingii kijumba hicho, na chakula cha mama analetewa na wajukuu.

"Usimwambie," akasema.

"Mayu, ni haki yako."

"Ng'wana wane, mwanangu, sikiliza. Mke wa Masanja amejifungua watoto watatu, wote hospitali. Akipata homa anakimbizwa hospitali. Masanja amesema hapa kwake hakuna atakayekufa tena kwa mganga, na boma zima linamfuata. Amesema hivyo kwa sababu yangu. Sasa wewe ukimwambia hospitali nayo ilikosea, na yule mwanamke tumbo lake ndilo hilo, atampeleka wapi?"

Nilimwambia tunaweza kumweleza Masanja vizuri, ataelewa. Akatikisa kichwa.

"Wewe hukunieleza mimi vizuri, na ulikuwa na sare. Mwache anichukie. Nimeshazoea."

Akanisindikiza mpaka kwenye pikipiki, akaniambia wabeja, asante, kwa kuja.

Nyie sio watu wa boma lake, ndiyo maana nimewaandikia. Msinielewe vibaya, siwaambii msifuate vitabu. Fuateni, hakuna kingine cha kufuata, na yale mnayofundishwa leo kuhusu kongosho ni mazuri kuliko yetu. Ila baadhi yake yatakuja kuonekana ni makosa, na hamjui ni yapi, na wagonjwa wenu watakuwa wameshazikwa. Kitu pekee kilichokuwa mikononi mwangu kabisa, ambacho hakikungoja utafiti wa mtu yeyote, kilikuwa kukaa na yule mama na kumweleza kwa nini. Sikukaa.

Baada ya mavuno yaliyofuata nilikuwa sokoni Bariadi nachagua dagaa. Mtu mzima akasimama mbele yangu, akavua kofia.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba." Sikumtambua mpaka alipojitaja.

"Mimi Masanja. Wewe ndiye uliyetaka kumwokoa mdogo wangu. Sijapata kukushukuru." Akaniambia mkewe amejifungua salama, hospitalini kwetu, mtoto wa kike. "Tumemwita Mbuke, jina lako."

Nilimwambia asante. Nilisema hivyo, asante, na nikapokea mkono wake. Kisha nikamuuliza kama bibi wa mtoto, mama yake Masanja, ameshamwona.

"Bado," akasema, akavaa kofia yake.

Mtoto alikuwa ametimiza miezi minne.